Namna ya Kuchagua Bunduki na Kaliba ya Kuwindia Dubu Mweusi

Mtu aliyekulia Afrika Mashariki akisikia habari ya kuwinda mnyama mwenye meno na kucha, fikra zake hukimbilia .375 na .458, kwa kuwa hizo ndizo kaliba, yaani vipimo vya unene wa risasi na mtutu, zinazotajwa kila panapozungumzwa nyati, simba na tembo. Dubu mweusi wa Amerika Kaskazini hahitaji silaha za namna hiyo. Bunduki ambayo mkulima wa Maine au Pennsylvania hutumia kila Novemba kuwindia kulungu inamtosha, mradi imechaguliwa kichwa cha risasi kinachofaa, yaani kile kipande kinachoruka na kumgonga mnyama, na mwindaji ameizoea. Mwongozo huu umekusudiwa kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Marekani au Kanada, awe Portland, Minneapolis au Edmonton, ambaye anataka kununua bunduki moja kwa kazi hii na hapendi kuipoteza fedha yake kwa ushawishi wa muuzaji. Hatua zimepangwa kwa makusudi: kaliba, ambayo wengi huanza nayo, hapa inakuja ya nne.

Hatua ya kwanza: jua kazi ambayo risasi inatakiwa kuifanya

Dubu mweusi ni mdogo kuliko sifa zake. Dume aliyekomaa kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 60 na 180, na jike huwa mdogo zaidi. Wapo madume wanaozidi kilo 250, hasa mashariki mwa North Carolina, ambako chakula ni kingi na baridi si ndefu, lakini mwindaji wa kawaida hatakutana nao. Mifupa yake si mizito kama ya nyati, na ngozi yake haina ugumu wa pekee. Kinachomtofautisha na kulungu ni mafuta na manyoya. Ifikapo vuli, dubu huwa amejiwekea tabaka la mafuta lenye unene wa sentimita kadhaa chini ya ngozi, na juu yake pana manyoya marefu. Risasi ikiingia, mafuta huliziba tundu na manyoya huinyonya damu kama sifongo, hivi kwamba dubu aliyepigwa barabara katika mapafu anaweza kukimbia makumi ya mita ndani ya kichaka bila kudondosha tone linaloonekana.

Kutokana na hali hiyo, kipimo cha bunduki nzuri ya dubu kinaweza kuelezwa kwa sentensi moja: iwe na uwezo wa kupitisha risasi katika mapafu yote mawili na kuitoa upande wa pili, katika umbali ambao wewe mwenyewe unaweza kulenga bila wasiwasi. Tundu la kutokea, hasa likiwa chini ya mwili, ndilo linaloacha njia ya damu ya kufuata. Kila uamuzi unaofuata katika mwongozo huu, kuanzia kaliba hadi darubini, upimwe kwa kipimo hicho.

Hatua ya pili: hakikisha sheria inakuruhusu kushika bunduki

Hatua hii huchosha, lakini kwa mhamiaji ina uzito kuliko nyingine zote. Sheria ya shirikisho ya Marekani humkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama vile ya masomo au ya matembezi, kumiliki bunduki na risasi, isipokuwa awe na mojawapo ya misamaha iliyotajwa katika sheria hiyo, na msamaha unaotumika zaidi ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye kadi ya kijani hayumo katika katazo hilo. Anayeishi nchini bila hadhi halali amekatazwa kabisa. Aidha, hukumu ya kosa la bunduki inaweza kuwa sababu ya kumrudisha mtu kwao hata akiwa na kadi ya kijani. Kwa hiyo ambaye makaratasi yake bado yanashughulikiwa amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukubali hata kujaribu bunduki ya rafiki katika uwanja wa shabaha. Anayenunua dukani atajaza Fomu 4473 na kuchunguzwa rekodi zake, na jibu lolote lisilo la kweli katika fomu hiyo ni jinai.

Kanada ina utaratibu wake. Mkazi hulazimika kusoma kozi ya usalama wa silaha na kupata leseni ijulikanayo kama PAL kabla ya kununua, ilhali mgeni anayevuka mpaka na bunduki yake hujaza tamko la silaha mbele ya maofisa wa forodha na kulipa ada.

Baada ya sheria za silaha huja kanuni za uwindaji, ambazo kila jimbo huzichapisha upya kila msimu. Zitazame kwa mambo manne: kaliba au aina ya risasi inayokubaliwa kwa dubu, ruhusa au katazo la bunduki za nusu-otomatiki, idadi ya risasi katika magazini, na madini ambayo kichwa cha risasi kimetengenezwa. Hili la mwisho si dogo: California imepiga marufuku risasi zenye madini ya risasi (lead) kwa uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, na anayekwenda huko na maboksi yake ya zamani atalazimika kuyaacha nyumbani.

Hatua ya tatu: amua utawinda kwa njia gani, kisha pima umbali

Dubu mweusi huwindwa kwa njia tatu kuu, na kila njia huja na umbali wake.

Njia ya kwanza ni chambo. Hii ndiyo iliyoenea Maine, Minnesota, Ontario, New Brunswick na Alberta. Mwindaji huketi juu ya mti au ndani ya kibanda, na pipa la chambo huwekwa mita 20 hadi 80 mbele yake. Umbali unajulikana tangu mwanzo na unaweza kupimwa kwa hatua za miguu. Shida yake ni mwanga, kwa sababu dubu wengi huja dakika za mwisho za jioni, na ukimya, kwa sababu mnyama mwenye masikio kama hayo husikia hata mlio mdogo wa kitufe cha usalama akiwa mita 30.

Njia ya pili ni mbwa wa msako. Dubu hupandishwa mtini au hukomeshwa chini, na risasi hupigwa kwa umbali mfupi sana, mara nyingi chini ya mita 30, huku mbwa wakizunguka shina. Hapa mwindaji amekwisha kupita kwenye vichaka na mabonde kwa saa kadhaa akiwa na bunduki begani, kwa hiyo bunduki fupi na nyepesi ina thamani kuliko nguvu za ziada. Usipige dubu wa mtini kwa risasi dhaifu ukitumaini atakufa akianguka. Akishuka akiwa hai, mbwa ndio wanaolipa.

Njia ya tatu ni kutafuta kwa darubini na kunyatia, kama wafanyavyo British Columbia, Montana na Alaska, hasa majira ya kuchipua dubu wanapokula majani machanga kwenye miteremko na kwenye njia za magogo zilizoachwa. Umbali wake kwa kawaida ni mita 80 hadi 250. Ni katika njia hii peke yake ambapo hesabu za kushuka kwa risasi zina maana kubwa.

Mwindaji anayejua kwamba ataketi juu ya mti Maine mwisho wa Agosti hana sababu ya kununua bunduki ya mita 400, na muuzaji atakayemwambia vinginevyo anamuuzia ndoto za mlima ambao hataupanda.

Hatua ya nne: chagua kaliba

Majina ya kaliba za Marekani hayana utaratibu mmoja. Namba ya kwanza kwa kawaida hukaribia kipenyo kwa sehemu ya inchi, na kinachofuata huweza kuwa mwaka, kipimo cha baruti au jina la kiwanda. Yatosha kujua kwamba .308 Winchester, .30-06 na .30-30 zote hurusha kichwa cha milimita 7.8, lakini maganda yao ni tofauti na hakuna hata mbili kati yao zinazobadilishana chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalopokea ganda.

Kwa umbali wa chambo na mbwa, .30-30 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1895, bado ni chaguo la heshima. Kichwa cha gramu 11, ambacho boksi litakiandika greni 170, hutoka mtutuni kwa takriban mita 670 kwa sekunde kikiwa na nguvu ya jouli 2,500 hivi. Mtu aliyezoea kusoma majedwali ya kaliba mpya atazidharau tarakimu hizo, lakini kwa mita 100 na chini yake kichwa hicho kizito, kinachokwenda kwa kasi ya wastani, hupanuka vizuri na kupenya mapafu yote mawili ya dubu bila kusambaratika. Jamaa yake .35 Remington ya mwaka 1906, yenye kichwa kinene cha gramu 13, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kidogo, ila risasi zake siku hizi ni za kutafuta.

.45-70 Government ni ya mwaka 1873, na wapenzi wa dubu huitukuza. Kichwa chake cha milimita 11.6 kina kipenyo kilekile cha .458 Winchester Magnum ambayo askari wa wanyamapori wa Afrika Mashariki wanaifahamu kwa kazi za tembo, ila cha .45-70 huenda polepole zaidi sana kuliko cha .458. Kwa chambo hufanya tundu kubwa la kuingilia na kubwa la kutokea, na hiyo ndiyo faida yenyewe. Yapo maonyo mawili. Kwanza, risasi hushuka haraka ikipita mita 130. Pili, zipo risasi za .45-70 zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki mpya zenye chuma imara, ambazo zikitiwa katika bunduki kongwe za karne ya 19 au nakala zake zinaweza kuipasua chemba; soma boksi na kitabu cha bunduki kabla ya kununua.

Kwa mtu anayetaka bunduki moja ya njia zote tatu, maoni yangu ni kwamba mjadala unaishia kwenye .308 Winchester ya mwaka 1952 au .30-06 Springfield iliyopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Ya kwanza hurusha kichwa cha gramu 10.7 kwa takriban mita 820 kwa sekunde, nguvu yake ikiwa jouli 3,600 hivi. Ya pili hurusha cha gramu 11.7 kwa kasi kama hiyo na kufikia jouli 3,900. Dubu hatatambua tofauti hiyo. Mwindaji ataitambua begani, kwa sababu .30-06 hupiga teke zaidi, na dukani, kwa sababu bunduki za .308 huweza kuwa fupi kidogo. Sababu isiyosemwa sana ya kuzipendelea ni kwamba risasi zake hupatikana hata katika duka la kijiji linalouza petroli na mikate, na hiyo ni neema kwa mtu ambaye begi lake limebaki uwanja wa ndege.

7mm-08 Remington na 6.5 Creedmoor zinafaa kwa mtu mwenye mwili mwembamba, kijana, au yeyote anayeumizwa na teke la .308. Zote mbili humwangusha dubu mweusi kwa heshima, zikipewa kichwa imara cha gramu 9 au zaidi. .270 Winchester ya mwaka 1925 ni bora kwa miteremko ya magharibi. Kwenye chambo, chagua kichwa kizito cha greni 150 au kilichotengenezwa kisipasuke, kwa sababu kile chepesi cha greni 130 hufika mita 25 kikiwa bado na kasi ya zaidi ya mita 900 kwa sekunde, na cha bei rahisi kinaweza kuvunjika kwenye bega kabla ya kupenya.

Kuhusu .243 Winchester, inaua dubu, na katika majimbo mengi ni halali. Lakini kichwa chake cha gramu 6.5 hakiachi nafasi ya makosa, na tundu lake dogo katika mafuta ya vuli huacha njia ngumu kufuata. Mwenye nayo tayari aitumie kwa chambo, kwa risasi ya mbavuni tu, dubu akiwa amesimama ubavu. Anayekwenda kununua asiinunue kwa kazi hii.

Upande mwingine ipo .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 na wenzake. Haidhuru chochote kuwa nazo ikiwa unaishi Alaska na unashiriki vichaka na dubu wa kahawia. Kwa dubu mweusi peke yake, hutoa nguvu usiyoihitaji na kukutoza teke ambalo humfanya mwindaji afumbe macho na kuvuta triga kwa kushtuka. Dubu wengi wanaopotea wakiwa wamejeruhiwa hupotea kwa kupigwa mahali pabaya, na bunduki inayoogopwa na mwenyewe ndiyo inayopiga mahali pabaya.

Bunduki ya marisau ya geji 12 (kipimo cha mtutu kisichohesabiwa kwa inchi), ikitiwa risasi moja nzito badala ya marisau, nayo inafaa hadi mita 75 hivi, na kwa mtu ambaye tayari anayo ya kuwindia bata, mtutu wa pili wenye mifereji unaweza kumwepushia gharama ya bunduki nzima.

Hatua ya tano: chagua kichwa cha risasi kwa uangalifu kuliko kaliba yenyewe

Ndani ya kaliba moja, maboksi mawili yanaweza kutenda kazi kama silaha mbili tofauti. Vichwa vya risasi vya kuwindia vimegawanyika katika makundi yafuatayo. Lipo la kawaida, lenye kiini cha madini ya risasi, koti la shaba na ncha laini. Hili ni rahisi na linatosha kwa kaliba za kasi ya wastani kama.30-30. Lipo la kiini kilichogandishwa na koti lake ili visitengane vikigonga mfupa. Lipo lenye ukuta wa shaba katikati, unaoruhusu nusu ya mbele ipanuke huku nusu ya nyuma ikiendelea kupenya. Fikra hiyo ilimjia John Nosler baada ya risasi zake kushindwa kupenya mwili wa mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu aitwaye moose huko British Columbia, naye akaanza kuviuza vichwa hivyo mwaka 1948. Na lipo la shaba tupu, lisilo na kiini, ambalo hupanuka kwa kufunguka ncha kama petali na kubaki na karibu uzito wake wote.

Kwa kaliba zenye kasi, yaani .270, .308, .30-06 na kuendelea, lipa fedha ya ziada upate moja ya aina tatu za mwisho. Tofauti ya bei kwa boksi zima la risasi 20 ni ndogo ukilinganisha na leseni, mafuta ya gari na malipo ya mwongozaji. Kichwa cha shaba tupu kina faida nyingine, kwamba hakitawanyi vipande vya madini ya risasi katika nyama ambayo watoto wako wataila. Kwa kuwa ni chepesi kwa urefu wake, unaweza kushuka ngazi moja ya uzito: greni 150 badala ya 180 katika .30-06, kwa mfano.

Epuka aina mbili. Kichwa kilichofunikwa koti zima, kama cha kijeshi, hupenya bila kupanuka na ni haramu kwa uwindaji katika sehemu nyingi. Kichwa chenye koti jembamba kilichokusudiwa mbweha au mashindano ya shabaha hupasuka juujuu na kuacha jeraha pana lisilo na kina.

Mwenye bunduki ya wenzo, ile inayojazwa kwa kusukuma mpini ulio chini ya triga, yenye magazini ya bomba chini ya mtutu ana sharti moja la ziada. Katika bomba hilo risasi hupangwa foleni, ncha ya moja ikigusa fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, ya iliyo mbele yake. Ncha kali na ngumu inaweza kuilipua fataki hiyo bunduki inapopiga teke, na bomba zima likapasuka mkononi. Tumia vichwa bapa, au vile vyenye ncha laini ya mpira vilivyotengenezwa mahususi kwa bunduki hizo.

Hatua ya sita: chagua muundo na vipimo vya bunduki

Bunduki ya boliti, ile ambayo mpini wa pembeni huinuliwa na kuvutwa nyuma ili kutia risasi, ni imara, sahihi na rahisi kusafisha, na kwa bei ndogo ndiyo inayokupa zaidi. Bunduki ya wenzo, kama Winchester 1894 au Marlin 336, ni nyembamba, haina kitu kinachotokeza pembeni, na hurudisha risasi ya pili haraka bila kushushwa begani. Kwenye kichaka na kwa mbwa ni vigumu kupata bora kuliko hiyo. Nusu-otomatiki hupunguza teke na hurusha risasi ya pili haraka kuliko zote, pale inaporuhusiwa. Bunduki ya risasi moja ni nafuu na salama, ila dubu aliyepigwa vibaya humdai mwindaji risasi ya pili mara moja.

Vipimo vya mwili husahaulika mara nyingi. Vaa koti utakaloliwindia, fumba macho, peleka bunduki begani, kisha fumbua: jicho lako liwe katikati ya darubini bila kuinua wala kubana shingo. Kitako kikiwa kirefu kitakwama kwenye koti. Mtutu wa sentimita 46 hadi 56 unatosha kwa kaliba zote nilizozitaja, na ule mfupi hautagonga matawi ukiwa juu ya mti. Mwenye mkono wa kushoto atafute boliti ya kushoto au anunue wenzo, ambao haubagui mkono. Kitufe cha usalama kisukume taratibu kwa vidole viwili na usikilize. Kikilia, jaribu nyingine.

Hatua ya saba: chagua darubini

Kosa la kawaida ni ukuzaji mwingi. Dubu aliye mita 25 akitazamwa kwa ukuzaji wa mara 9 hujaza kioo chote kwa weusi mtupu, na mwindaji hawezi kusema kama anatazama bega, tumbo au paja. Darubini ya 1.5-5 au 2-7, yaani yenye ukuzaji wa mara 1.5 hadi 5 au 2 hadi 7, ndiyo inayofaa, na 3-9x40 (namba ya mwisho ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita), ambayo huuzwa pamoja na bunduki nyingi, inafaa pia ikiwa italazwa kwenye 3 muda wote unapoketi.

Jambo la pili ni mistari ya shabaha. Mistari miembamba myeusi juu ya manyoya meusi, jioni, chini ya misonobari, hupotea kabisa. Mistari minene, au kitone chenye mwanga mwekundu unaoweza kupunguzwa, hutatua tatizo hilo, na kama fedha inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada katika bunduki nzima, basi kiwe hicho.

Darubini ya bunduki isitumike kumtambua mnyama. Chukua darubini ya macho mawili, 8x42 kwa mfano, ili usimwelekezee mtutu kitu usichokijua. Katika majimbo mengi ni kosa kumpiga jike mwenye watoto, na watoto huweza kuchelewa nyuma yake kwa dakika kadhaa. Magharibi kuna tatizo jingine: dubu mweusi huweza kuwa wa kahawia, na dubu aina ya grizzly, jamaa yake wa kahawia, analindwa katika majimbo kama Montana, ambalo humtaka mwindaji afaulu mtihani wa kuwatofautisha kabla ya kuuziwa leseni. Kwenye chambo, pipa lenyewe ni rula: pipa la kawaida la lita 200 lina kimo cha sentimita 88 hivi, na dubu ambaye mgongo wake unafika ukingo wa juu akiwa amesimama kwa miguu minne ni mkubwa.

Hatua ya nane: kagua bunduki dukani

Bunduki iliyotumika ni ununuzi mzuri, kwa sababu nyingi hutoka kabatini wiki moja kwa mwaka. Omba boliti itolewe na utazame ndani ya mtutu dhidi ya mwanga: mifereji iwe na kingo, pasiwe na kutu wala uvimbe. Tazama mdomo wa mtutu kama umegongwa. Funga boliti chemba ikiwa tupu, weka usalama, vuta triga, achia, kisha ondoa usalama. Nyundo ikiruka yenyewe, irudishe bunduki kwa muuzaji. Hatimaye soma maandishi ya kaliba yaliyochongwa kwenye mtutu na uyalinganishe, neno kwa neno, na yale yaliyo kwenye kitako cha ganda la risasi. Anayenunua kwa mtu binafsi ampelekee fundi wa bunduki kabla ya kuipiga, kwani wapo wamiliki waliobadilisha chemba bila kufuta maandishi ya zamani.

Hatua ya tisa: irekebishe na uizoee

Rekebisha darubini kwa risasi zilezile utakazowindia, kwani boksi la aina nyingine hata la uzito uleule huweza kupiga mahali tofauti. Kwa chambo, iweke ipige sawasawa mita 50 au 100. Kwa kunyatia na .308 au .30-06, iweke ipige sentimita 4 hivi juu ya alama katika mita 100, nawe utaweza kulenga katikati ya mapafu hadi karibu mita 200 bila hesabu. Kisha jaribu pia mita 20: kwa kuwa darubini hukaa sentimita 4 hivi juu ya mtutu, risasi itaingia sentimita moja au mbili chini ya unapolenga. Kwa dubu haileti shida, lakini tawi lililo chini ya mstari wa macho linaweza kuipokea.

Baada ya hapo ondoka mezani. Piga ukiwa umeketi, umepiga goti, na ukiegemea fimbo, kwa sahani ya karatasi yenye kipenyo cha sentimita 20. Umbali wa mbali kabisa ambao risasi zako zote huingia ndani ya sahani hiyo ndio mpaka wako, liwe boksi limeandika nini. Vaa kinga ya masikio kila mara, na ikiwa bunduki ina kifaa cha kupunguza teke kwenye mdomo wa mtutu, zidisha kinga, kwa sababu kifaa hicho hurudisha mlio upande wako.

Hatua ya kumi: subiri mkao ambao kaliba yako inaumudu

Dubu akisimama ubavu, subiri mguu wa mbele ulio upande wako usogee mbele, kisha lenga nyuma tu ya bega, kati ya theluthi ya chini na katikati ya kimo cha mwili. Manyoya ya tumbo hudanganya, na anayelenga kwa kufuata mstari wa chini wa manyoya hupiga chini mno. Akiwa amegeuka kidogo kukupa mgongo, elekeza risasi itokee kwenye bega la upande wa mbali. Mkao huu ni mzuri kwa kaliba zote. Akikuelekea, kaliba ndogo zote zisubiri, na kubwa pia zisubiri kama si lazima. Fuvu lina mteremko na ubongo ni mdogo, kwa hiyo kichwa kiachwe.

Ukishapiga, tia risasi ya pili chembani papo hapo huku bunduki ikiwa bado begani, na ukimwona amesimama piga tena. Akitoweka, kumbuka mti wa mwisho ulipomwona, sikiliza, na ubaki mahali pako nusu saa. Unapomwendea, washa tochi ikiwa kuna giza na sheria inaruhusu, njoo kutoka upande wa mgongo wake, na umguse jicho kwa kijiti kirefu. Asipolipepesa, toa risasi chembani, funga usalama, kisha ndipo uweke bunduki chini na kutafuta lebo ya leseni.